Sarufi ya Anwani na Adabu ya Hodi: Historia Fupi ya Seva ya Barua Pepe

0. Utangulizi

Barua pepe imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza inapita wapi. Mtu huandika, hubonyeza, na barua hufika. Isipofika, lawama huangukia mtandao kwa jumla, na mambo huishia hapo. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya programu iliyo katikati ya safari hiyo, yaani seva ya barua pepe, na hasa kazi ya msimamizi wake: kuiwekea kanuni, na kutafuta kiini cha ugonjwa inapokwama.

Huenda msomaji akashangaa kuona jambo hili likijadiliwa katika jarida la taaluma za Kiswahili, tena na mtu wa isimu. Sababu ni kwamba maradhi makubwa ya seva hizo, tangu miaka ya 1970, hayakuwa ya nyaya wala ya chuma. Yalikuwa maradhi ya lugha. Kwanza yalikuwa ya sintaksia: anwani moja ilisomeka kwa namna mbili. Baadaye yakawa ya pragmatiki: msemaji alidanganya kuhusu nafsi yake, na msikilizaji hakuwa na njia ya kumhoji. Tunaonelea kwamba safari ya kutoka maradhi ya kwanza hadi ya pili ndiyo historia yenyewe ya seva ya barua, na kwamba gharama ya tiba haikugawanywa sawa baina ya walio wakubwa na walio wadogo.

1. Anwani zenye utata

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyokuwa kando yake. Kompyuta hizo mbili, ingawa zilikaribiana, ziliunganishwa kwa mtandao wa ARPANET tu. Kabla ya hapo watumiaji wa kompyuta moja waliweza kuachiana ujumbe, lakini ujumbe haukuvuka kwenda mashine nyingine. Ili kutenga jina la mtu na jina la mashine, Tomlinson alichagua alama ya @, ambayo haimo katika majina ya watu. Katika Kiingereza alama hiyo husomwa kama kihusishi cha mahali. Laiti Tomlinson angekuwa Mswahili, labda kiambishi -ni kingemtosha.

Mtandao ungebaki mmoja, anwani ya aina ya «juma@mlima» isingemsumbua mtu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 mitandao ilikuwa imekwisha kuongezeka. Mashine zenye mfumo wa Unix zilipigiana simu, mara nyingi usiku gharama zinaposhuka, na kupokezana mafaili kwa programu iitwayo UUCP, iliyotoka katika maabara za Bell. Katika mtandao huo anwani haikutaja mahali, bali njia: «mto!ziwa!msitu!juma» maana yake ni kwamba barua ipelekwe kwa mashine «mto», nayo impe «ziwa», naye ampe «msitu», ndipo Juma aipate. Mwandishi ndiye aliyepaswa kuijua njia yote. Ni mtindo tunaoujua sisi tunaokaa katika mitaa isiyo na namba za nyumba: ukifika kwenye mwembe pinda kushoto, uliza kwa fundi cherehani.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na mitandao yote miwili, pamoja na mtandao wake wa ndani uliotumia nukta mbili katika anwani. Eric Allman alikuwa akifanya kazi katika mradi wa hazina-data ulioitwa INGRES, na mashine ya mradi huo ilikuwa na kiungo cha ARPANET ambacho wengi walikitamani. Badala ya kumpa kila aliyeomba nafasi katika mashine ile, aliona ni heri kuandika programu ya kupitisha barua kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Programu hiyo, «delivermail», ilisambazwa mwaka 1979 pamoja na Unix ya Berkeley.

Hapo ndipo utata ulipojitokeza. Tuchukue anwani hii: «ziwa!juma@mlima». Je, barua iende kwanza «mlima» kupitia ARPANET, halafu «mlima» iipeleke kwa Juma aliye «ziwa»? Au iende kwanza «ziwa» kwa simu, halafu «ziwa» iipeleke kwa Juma aliye «mlima»? Hakuna alama inayokosewa hapa. Kila mtandao ulikuwa na sarufi yake iliyo sahihi, na tungo ileile ilikubalika katika zote mbili kwa maana tofauti.

Wanafunzi wa isimu wanaijua hali hii. Katika Kiswahili, «mtoto wa mwalimu mgonjwa» haituambii aliye mgonjwa ni nani, kwa kuwa nomino zote mbili ni za ngeli moja. Lakini «kitabu cha mwalimu kizuri» na «kitabu cha mwalimu mzuri» havina utata hata kidogo: upatanisho wa kisarufi umekwisha kuamua. Anwani za miaka ile zilikosa upatanisho. Alama ya mshangao na alama ya @ zilikaa pamoja bila chochote cha kuonyesha ipi inatawala ipi.

2. Seva iliyo mwanasarufi

Ndani ya «delivermail» kanuni zilifumwa katika programu yenyewe, na kila badiliko lilidai programu ijengwe upya. Allman aliiandika upya kazi yake, akaiita «sendmail», ikaenea pamoja na toleo la 4.2BSD mwaka 1983. Jipya kubwa lilikuwa faili moja ya maandishi, «sendmail.cf», ambamo msimamizi aliweza kuandika mwenyewe kanuni za kusoma anwani.

Mtu aliyesoma sarufi zalishi akiifungua faili hiyo hatajiona mgeni. Noam Chomsky, katika kitabu chake cha 1957 kuhusu miundo ya sintaksia, alieleza tungo kwa kanuni ambazo kila moja huandika upya alama fulani kuwa alama nyingine. Faili ya Allman nayo ni mkusanyiko wa kanuni za kuandika upya. Kila kanuni ina upande wa kushoto, ambao ni kiolezo cha kulinganishwa na anwani, na upande wa kulia, ambao ni umbo jipya. Anwani hukatwakatwa kwanza kuwa vipashio; kisha hupitishwa katika seti za kanuni, moja baada ya nyingine. Seti ya 3 huipa anwani umbo la kawaida, kwa kuitia sehemu ya mashine ndani ya mabano ya pembe, ili kanuni zinazofuata zijue kiini kiko wapi. Seti ya 0 huamua mambo matatu: chombo cha kupelekea barua, mashine ya kuipokea, na mtu wa kupewa. Tofauti na Chomsky ni kwamba huyu huanza na umbo la nje na kwenda kutafuta muundo, wala hatungi sentensi mpya. Lakini ufundi ni uleule.

Kwa maoni yetu, jambo zuri kupita yote lilikuwa namna ya majaribio. Msimamizi alianzisha programu kwa amri «sendmail -bt», akaandika namba za seti na anwani, na mashine ikamwonyesha hatua kwa hatua jinsi anwani ilivyoingia katika kila seti na ilivyotoka. Ni uchanganuzi uleule tunaoufanya ubaoni kwa chaki. Barua ikienda kusikostahili, msimamizi hakuwa na haja ya kukisia. Alifuata mnyororo huo hadi kwenye kanuni iliyopotosha.

Tusiisifu kupita kiasi. Lugha ya faili hiyo ilikuwa ya mkato hata ikawa dhihaka miongoni mwa wasimamizi: mistari mizima ya alama za dola, nyota na mabano. Pande mbili za kanuni zilitengwa na alama ya Tab, si nafasi za kawaida. Na kwa kuwa vitu hivyo viwili havionekani kwenye kioo, aliyenakili kanuni kwa programu iliyogeuza Tab kuwa nafasi aliharibu kila kitu pasipo kuona kosa. Toleo la 8, lililotoka mwaka 1993, lilimruhusu msimamizi kuandika faili fupi ya makro za m4, ambayo mashine yenyewe iliigeuza kuwa faili ndefu. Hata hivyo, kitabu cha Bryan Costales cha mwaka huohuo, chenye picha ya popo jaladani, kilihitaji mamia ya kurasa ili kueleza programu hii moja.

Kisa mashuhuri cha utafutaji wa kosa kilisimuliwa mwaka 2002 na Trey Harris, aliyekuwa msimamizi katika Chuo Kikuu cha North Carolina miaka ya 1990. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu akisema idara yake haiwezi kutuma barua mbali zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800 hivi. Msimamizi alidhani ni mzaha, kwa maana seva haijui umbali. Lakini wanatakwimu walikuwa wamekusanya data siku kadhaa kabla ya kulalamika, na majaribio yake mwenyewe yakathibitisha: barua zilifika miji ya karibu, za miji ya mbali zikashindwa.

Kiini kilikuwa hiki. Mtaalamu fulani alikuwa ameuhuisha mfumo wa uendeshaji wa seva, na kwa kufanya hivyo akarudisha «sendmail» ya zamani, toleo la 5, mahali pa toleo la 8. Faili ya kanuni ilibaki ya toleo la 8. Toleo la 5 halikuyaelewa majina marefu ya mipangilio, likayaruka. Hivyo muda wa kungoja mashine ya mbali ijibu ukawa sifuri. Katika mashine ile, sifuri ilikuwa kwa vitendo milisekunde 3 na kidogo kabla programu haijakata tamaa. Nuru husafiri takribani kilomita 900 katika milisekunde 3. Kwa kipimo hicho barua kutoka Lubumbashi ingefika Kalemie, isingefika Kinshasa. Msimulizi mwenyewe alikiri baadaye kwamba alirahisisha baadhi ya mambo, na wanafizikia walimkumbusha kwamba jibu nalo lina safari ya kurudi. Lakini mantiki ya kisa imesimama. Kwa mwanaisimu, hapa kuna msomaji wa lahaja ya zamani aliyepewa matini ya lahaja mpya. Hakulalamika kwamba haelewi. Aliyaruka maneno asiyoyajua, akatenda kwa alichobakiwa nacho.

3. Mazungumzo mlangoni

Agosti 1982 Jon Postel alitoa hati ya itifaki ya kupeleka barua, iitwayo SMTP, ambayo msingi wake unatumika hadi leo. Itifaki hiyo ni mazungumzo ya zamu baina ya mashine mbili, na mtu anaweza kuyaandika kwa mkono. Mashine inayopigiwa husema 220, niko tayari. Mgeni husema HELO na jina lake. Mwenyeji hujibu 250, sawa. Mgeni husema MAIL FROM, akitaja mtumaji. Halafu RCPT TO, akitaja mpokeaji. Kila mara hujibiwa. Kisha husema DATA, huambiwa 354, endelea, na barua yote hupita, hadi mstari wenye nukta peke yake. Mwenyeji akisema 250 hapo, dhamana ya barua imehama: sasa ni yake.

Namba za majibu ndizo kitabu cha kwanza cha msimamizi. Inayoanza na 4 ni kukataa kwa muda: mwenye nyumba yupo lakini ana shughuli, rudi baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataa kabisa: huyu haishi hapa. Kwa jibu la 4 barua hukaa katika foleni na kujaribiwa tena na tena, kwa desturi hadi siku 5. Kwa jibu la 5 hurudishwa papo hapo, katika bahasha isiyo na jina la mtumaji, ili arifa ya kushindwa isije ikazaa arifa nyingine bila kikomo. Anayechanganya makundi haya mawili hupoteza barua za watu. Kila seva inayopitisha barua hugonga pia muhuri wake juu ya mihuri iliyotangulia, hivyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Barua inayozungushwa baina ya seva mbili hujulikana kwa wingi wa mihuri. «Sendmail» 8 huikataa ikizidi 25.

Majina ya vikoa, yaliyobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na rekodi za MX za mwaka 1986, ambazo hutaja seva ipi hupokea barua za kikoa gani, zilimaliza utata tulioueleza. Mwandishi hakulazimika tena kuijua njia. Kwa upande wetu, majina hayo yalifuata historia ya nchi: Zaire ilikuwa na kikoa cha .zr, jina la nchi lilipobadilika mwaka 1997, kikaja.cd, na .zr ikafutwa mwaka 2001. Tangu hapo anwani ya .zr iliyobaki katika daftari la mtu haina mlango wa kubishwa.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa jarida hili hawatakosa kulifurahia. Itifaki ya 1982 ilipitisha herufi za biti 7 tu, yaani alama 128, ambazo é na ç za Kifaransa hazimo. Seva nyingi zilikata biti ya nane bila kuuliza. Katika msimbo wa Ulaya Magharibi, é ikikatwa biti hiyo huwa i, è huwa h, na ç huwa g. Neno «université» lilifika likiwa «universiti», «élève» likawa «ilhve», na «français» likawa «frangais». Mwaka 1992 viwango vya MIME vilitoa dawa, ingawa kwa miaka kadhaa msomaji mwenye programu ya zamani aliona «universit=E9». Kiswahili kilipita salama salimini. Hakina alama juu ya herufi, na ritifaa ya ng' imo katika zile 128. Walioumia ni wenzetu wanaoandika toni za Kiluba.

4. Nani anabisha?

Turudi kwenye HELO. Kwetu mgeni hupiga hodi, na aliye ndani huuliza: nani? Sauti hutambulika, au jina la baba hutajwa, ndipo mtu hukaribishwa. Itifaki ya Postel ina hodi lakini haina swali. Mgeni hujitaja jina lolote na husadikiwa. Tena bahasha na barua ni vitu viwili: jina lililotajwa katika MAIL FROM si lazima lifanane na lile lililoandikwa ndani ya barua. Jambo hilo halikuwa uzembe. Mashine zilikuwa chache, na wasimamizi walifahamiana kwa majina. Kupokea barua isiyo yako na kuisogeza mbele ulikuwa ujirani mwema, kama vile msafiri wa treni ya Ilebo anavyokabidhiwa bahasha na mtu asiyemjua.

Dalili zilianza mapema. Mei 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 wa ARPANET. Orodha ilikuwa ndefu hata majina yakafurika kutoka kichwa cha barua na kuingia katika barua yenyewe. Tarehe 2 Novemba 1988 ilikuja zahama kubwa zaidi. Mnyoo wa Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ulienea katika mashine zinazokadiriwa kuwa 6,000. Njia yake mojawapo ilikuwa amri ya DEBUG ndani ya «sendmail», iliyowekwa kwa ajili ya kutafuta makosa na kuachwa wazi. Mgeni akishaitaja amri hiyo, aliweza kuweka agizo mahali pa jina la mpokeaji, na mashine ikalitekeleza. Kifaa cha tabibu kimekuwa mlango wa mwizi.

Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara waligundua seva zilizosogeza barua za kila mtu, wakazitumia kumwaga barua taka kwa mamilioni, gharama zikiwa za wenye seva. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha ya anwani za mashine zinazostahili kukataliwa, ambayo seva yoyote iliweza kuiuliza kabla ya kufungua mlango. Mwaka 1998 «sendmail» 8.9 ilikuja ikiwa imefungwa: haisogezi barua ya mgeni mpaka msimamizi aseme. Programu nyingine zilikuwa zimekwisha kuzaliwa, Exim ya Philip Hazel huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1995, na Postfix ya Wietse Venema mwaka 1998, ambayo iligawa kazi kwa programu ndogondogo zisizoaminiana. Ujirani ulikwisha hapo, na sioni namna ungeweza kuokolewa.

Dawa za baadaye zote ni majaribio ya kuliingiza swali lililokosekana. SPF, mwaka 2006, humtaka mwenye kikoa atangaze mashine zinazoruhusiwa kusema kwa jina lake. DKIM, mwaka 2007, hutia barua saini inayoweza kuhakikiwa. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, humwambia mpokeaji afanye nini saini isipokubali, na apeleke taarifa wapi. Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kuyadai yote matatu kwa wanaotuma barua nyingi; Google iliweka kipimo cha 5,000 kwa siku. Hata mtumaji mdogo hudaiwa angalau moja, pamoja na jina la kinyume, yaani namba ya mashine iweze kurudisha jina.

Hapa ndipo mzigo unapoonekana. Saini na tangazo ni mistari michache ambayo chuo hujiandikia. Jina la kinyume siyo: lipo mikononi mwa aliyekodisha namba. Katika miaka ya 2000 vyuo vingi vya Afrika vilipata mtandao kwa setilaiti, kwa namba za makampuni ya Ulaya au Marekani, vikichangia mtaa mmoja na wageni wasiowajua. Jirani mmoja akimwaga barua taka, mtaa mzima uliingizwa katika orodha. Tena baadhi ya orodha za miaka ile ziligawa dunia kwa nchi, hata msimamizi wa mbali akaweza kukataa barua za taifa zima kwa mstari mmoja wa kanuni. Profesa aliyeandikia jarida la nje alipata jibu la 550 bila kujua amekosa nini. Na kwa hakika hakuwa amekosa.

Msimamizi wa chuo cha namna hiyo huanza na daftari la seva yake, atafute jibu lenyewe la mashine ya mbali, maana mara nyingi hutaja orodha iliyohusika. Huenda kwenye orodha hiyo kuomba kuondolewa, humwandikia mwenye namba kuhusu jina la kinyume, kisha hungoja. Vyuo vingi vimechoka, vikahamishia barua zao kwa makampuni makubwa ambayo hodi yao haikataliwi. Kwa wanaobaki, kuna anwani moja ambayo kanuni za tangu 1982, zilizothibitishwa tena mwaka 2008, zinaiamuru kila seva kuipokea, ili msimamizi aweze kumfikia msimamizi mwenzake: «postmaster». Wapo wanaoisoma hadi leo, na wapo ambao seva zao huirudisha hiyo nayo kwa jibu la 550.